Mapigo ya Mteremko wa Gitting

"Kata breki."

Sauti ya mkuu wake ilikuwa kavu sikioni. Verediana alibonyeza kitufe chini ya usukani. Rav4 ikaporomoka kwenye mteremko wa Gitting. Nyuma yake lilikuja lori la Fuso la Yonas, dereva aliyetumwa kumnasa.

Idara ya upelelezi ilimfundisha hivi: mtu akikutana na mgeni huku moyo ukimwenda mbio kwa hofu, hudhani amependa. Alishawanasa wanaume watatu kwa mbinu hiyo.

Bado aliwaota.

Akabonyeza tena ili breki zirudi.

Hazikurudi.

Gari lilipasua vichaka, likaning'inia juu ya korongo. Yonas aliruka kutoka kwenye lori, akavunja kioo, akamvuta nje. Wakaanguka kwenye majani, wote wakitweta.

"Pole dada! Umeumia?"

"Hapana."

Sauti ilimtetemeka. Hilo halikuwa kwenye mpango.

Mboni za macho ya Yonas zilikuwa zimepanuka. Dalili ya kwanza. Akacheka bila sababu. Ya pili.

Akampa lifti. Njiani alimwaga yote: vitunguu saumu alivyobeba, tajiri wa kigeni anayesubiri kwenye ghala Balangdalalu.

"Ananikataza kufungua magunia. Sijui kwa nini."

Verediana alijua. Harufu ya vitunguu saumu iliwapoteza mbwa wa polisi. Akagusa hereni yake mara mbili.

"Tumekupata," sauti ikajibu sikioni.

Ghalani, tajiri alipasua gunia. Jino la tembo likachomoza.

Hilux mbili za polisi zikavunja geti. Tajiri akachomoa bastola ya Glock, akamlenga Yonas, shahidi ambaye angemfunga.

Verediana aliwahi. Risasi moja. Glock ikaruka pamoja na kidole.

"Chini! Wote!"

Yonas alilala kifudifudi, akafungwa pingu. Akamwangalia Verediana, akaiona bastola mkononi mwake.

Simu ya Yonas ikaita mfukoni mwake.

"Mlio huo ni wa mama," alisema. "Nilimpigia uliposhuka kununua maji. Nilimwambia nimempata mtu. Pokea wewe. Mimi nimwambie nini?"

Verediana aliitoa simu mfukoni mwa Yonas, akapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Ndiyo wewe? Nimechinja kuku. Mko wapi?"

Moyo wa Verediana ulikuwa ukienda mbio. Hakukuwa na korongo hapo.

"Usitusubiri, mama."

Akamkabidhi askari simu, akavaa miwani ya jua, akatembea taratibu kuelekea barabarani, bila kugeuka.