Aliyemo Godoroni

Sogeeni, sogeeni hapa, wenye miguu mirefu waikunje. Anayetafuna ameze kwanza. Hadithi hii inataka kimya, maana anayesimuliwa humu hana kishindo, na tukipiga soga atapita tusimwone.

Palikuwa na nyumba ya washona magodoro ya sufi. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: meza ndefu, magunia ya sufi mpaka darini, mkasi mkubwa, na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea godoro, inaning'inia msumarini. Sufi ilikuwa kila mahali, kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye kope za mtoto. Mwenye nyumba alikuwa mjane, watu wakimwita Mama Sufi. Alikuwa na mwanawe mmoja, fundi, na mkwewe, ambaye siku kumi na moja tu zilikuwa zimepita tangu ajifungue mtoto wa kike.

Asubuhi moja godoro la mteja, lililokwisha kushonwa jana yake, likakutwa wazi upande mmoja. Halikuchanwa. Lilifumuliwa, mshono mmoja mmoja, na uzi umezungushwa kwenye kijiti vizuri kama uzi mpya.

Fundi akasema panya wa siku hizi wamekwenda shule. Mkewe hakucheka. Mama Sufi naye hakucheka. Alikohoa, akaomba chai, na kikombe kikamtetemeka mkononi.

Alikijua kile kijiti. Miaka tisa nyuma, alipofiwa na mumewe, alikaa siku nyingi hali wala halali, hata mchana mmoja akamsikia marehemu anamwita toka ndani ya godoro lao: Fumua, nimo humu. Akafumua. Akakuta sufi tupu. Akazungusha uzi kwenye kijiti, akashona upya mbiombio kabla mwanawe hajarudi. Ile sauti ilimwandama miezi mitatu, ikaenda zake. Hakumwambia hata jiwe.

Siku zile mkwe alikuwa halali. Mtoto akilala, yeye macho. Mtoto akilia, anageuza shingo kutazama magodoro. Chumba kikaanza kunuka sufi iliyolowa, na mvua haijanyesha. Mama Sufi aliinusa ile harufu, akafungua dirisha.

Na siku ya kumi na nne ya uzazi, saa sita ya mchana, jua limejaa chumbani na nyuzi za sufi zinaelea bila kutua, Mama Sufi akasikia mkasi unafanya kazi, tak, tak, wala si mwendo wa mkono wa mwanawe, akaingia, akamkuta mkwewe amesimama mezani, godoro limeachama mbele yake, na pembeni mtoto amefungwa ndani ya nguo iliyopigwa uzi kifuani, na yule mama anaongea polepole na mtu asiyeonekana, anaitikia, ndiyo, ndiyo nimesikia, na ncha ya mkasi inatembea toka godoroni inamwendea mtoto, inatafuta pa kuanzia.

"Mama," mkwe alinong'ona bila kugeuka, "mwanangu yumo ndani, ananiita. Na huyu hapa naye ana mshono."

Mama Sufi aliushika mkasi kwa upande wa makali. Kovu la makali yale alizikwa nalo.

Wakamwita mganga, mwanamke mnene mwenye goti bovu, aliyeomba kiti kabla ya salamu. Fundi akauliza jini hili kalileta nani, au kwao mkewe lipo, maana kwao yeye halijapata kuonekana. Mganga akalisugua goti lake.

"Huyu nimemkuta nyumba nyingi, baba. Huyu kapitia uzazi. Wengine kwao anapitia msiba, au moshi wa kuvuta, au furaha iliyopita kiasi mpaka mtu anajiona mfalme, au uzee. Wengine wamezaliwa mlango wao uko wazi. Milango mingi, mgeni yule yule. Kwanza anaiba usingizi, halafu anaipa kila kitu mdomo. Mimi nitasoma, na nyinyi mpelekeni hospitali leo hii, apewe dawa alale. Dawa na dua havigombani. Ila nauliza: nani mwingine humu kamsikia? Mgonjwa anamwogopa zaidi akidhani kamjia yeye peke yake. Na mwenye nyumba humfukuza mgonjwa akidhani mgeni kaja naye."

Mkwe akainua macho, akamtazama Mama Sufi. Alikuwa amekiona kile kikombe kikitetemeka.

"Mama. Uliwahi kumsikia?"

Neno moja lilikuwa linatosha. Mama Sufi akawafikiria majirani, akamfikiria mwanawe akijua kwamba ugonjwa upo upande wao, akafikiria watoto watakaomnyooshea kidole njiani. Mkono uliofungwa kitambaa akauficha chini ya nguo.

"Mimi sijasikia kitu," akasema.

Dawa zilimponya mkwe, akalala, akapata nafuu. Lakini fundi alikwisha kata shauri: jini limekuja na mtu, litaondoka na mtu. Akamrudisha kwao. Mtoto akabaki. Mkwe aliondoka na mfuko mmoja, maziwa yanamlowesha nguo, na hakuna aliyemsindikiza hata hatua saba.

Miaka kumi na tisa baadaye Mama Sufi akawa mkongwe, anasahau alipoiweka chai. Mchana mmoja akasikia sauti godoroni, na sauti ile ilikuwa ya mkwewe: Mama, fumua. Mjukuu, yule mtoto aliyebaki, alimkuta anafumua, uzi keshauzungusha kwenye kijiti. Msichana akakaa sakafuni, akashusha sauti.

"Bibi, kumbe na wewe unamsikia?"

Kikongwe akalia mpaka sufi ikamganda usoni. "Nilimsikia kabla mama yako hajaingia nyumba hii," akasema. Msichana akauliza kwao mama yake ni wapi, akavaa viatu.

Kikongwe alipokufa, fundi alirithi nyumba na meza. Mkasi hakuna aliyeutaka. Mkwe alirithi lile neno lake moja, lililofika likiwa limechelewa miaka kumi na tisa, pamoja na binti mgeni aliyelileta. Na binti alirithi shazia, na sikio. Mpaka leo akishona anaimba, ili asiitike.