Wanzuki Ambao Mama Hakunywa

Kila Jumamosi asubuhi, Adelina na mama yake, Bernadeta, waliongozana kwenda kusali na jumuiya yao pale Ntalikwa. Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo, na Adelina alijivunia sauti yake.

Miezi hiyo mama alibadilika. Jasho lilimtiririka hata asubuhi ya baridi. Alifoka kwa sababu ya chumvi tu, kisha akajifungia chumbani kulia. Jumamosi moja alikataa kutoka.

"Mama yako ana nini?" rafiki yake Paskazia aliuliza njiani. "Jana nilimsikia anafoka, halafu analia."

Adelina aliona haya. Angesemaje kwamba mtu mzima analia bila sababu? Ulimi hauna mfupa. "Alikunywa wanzuki," akajibu. Pombe ya asali, nani Tabora asiyeielewa?

Paskazia akayasambaza, na wanawake wa jumuiya wakasema lisemwalo lipo. Wiki iliyofuata kazi ya kuanzisha nyimbo akapewa mwingine. Mama aliposikia sababu hakufoka. "Hata Mungu hanitaki tena," alisema, akalala siku mbili bila kula.

Adelina aliona jinsi alivyomuumiza mama. Alikwenda zahanati kwa muuguzi Zamda, akamwamkia, akaeleza yote pamoja na uongo wake.

Zamda alikuja akaketi kitandani kwa mama. "Mama Adelina, una miaka arobaini na tisa. Hedhi inapokaribia kukoma, homoni za mwili hupanda na kushuka. Zikiyumba, usingizi na moyo navyo huyumba, na wengine hupata sonona, huzuni nzito isiyoisha. Ni ugonjwa, na una tiba. Twende kwa daktari leo. Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Nilidhani nimerogwa," mama alinong'ona.

Tiba ilianza, ila jina la mama lilikuwa bado chafu. Jumamosi Adelina alisimama mbele ya jumuiya.

"Mama hakunywa. Anaumwa. Nilisema uongo kwa kuwa nilimwonea haya."

Hakuna aliyempigia makofi. Wanawake waliinamisha vichwa. Bibi Advera, mwenyekiti wao, akasema, "Kuumwa si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni uongo wako, na sisi tulioubeba bila kwenda kumjulia hali. Ukweli umeusema, sasa zamu yetu. Inukeni, leo tunasali kwa Bernadeta."

Mama aliwafungulia mlango. Hakuimba siku ile. Alilia mbele yao wote, na Adelina akamshika mkono bila kutazama chini.