Nipo, Afande

Karani wa masjala ya jeshi aliita jina la Koplo, na kabla Koplo hajafungua mdomo, mtu akaitika.

"Nipo!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na ule mkwaruzo wake wa sigara za ujanani, na ile haraka yake ya kijeshi ya kulikata neno mwishoni. Koplo aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na benchi tupu, ndoo ya deki na ukuta uliobanduka rangi.

"Haya, njoo basi, mzee," karani alisema, macho yake kwenye karatasi. "Unaitika kwa mbwembwe halafu unabaki umesimama."

Koplo alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Mtaani kwake walimjua kwa mambo mawili: kwamba aliwahi kuwa vitani, jambo ambalo hakumruhusu mtu kulisahau, na kwamba aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Sauti ya mama mkwe wake aliiiga vizuri mno, hata siku moja mkewe aliitika "Abee, mama!" na kutoka jikoni mbio, wakati mama mwenyewe yuko mji mwingine.

Kilichomleta masjala ni nishani. Baada ya vita, kila koplo aliyerudisha seksheni yake kamili kutoka ng'ambo ya mto alipewa nishani ya shaba yenye utepe wa kijani. Yeye hakupewa. Faili lake lilisema askari wake mmoja, kijana mwembamba waliyemwita Kijiti, alitoroka, kwa hiyo seksheni ilipungua mtu. Kwenye kila sherehe wenzake walimeremeta, na yeye alikaa nyuma amekunja mikono kifuani ili watu wasione kwamba hapana kitu. Jambo hilo lilimkaa kooni mpaka uzeeni. Sasa alitaka faili lirekebishwe, apewe nishani yake, na siku ikifika azikwe nayo.

"Faili limekosewa," alimwambia karani. "Kijiti alitoroka asubuhi iliyofuata. Jioni ya kuamkia siku hiyo, majina yalipoitwa, alikuwepo. Mimi nilimrudisha. Akitoroka baadaye, hilo ni lake."

"Ulimsikia akiitika?"

"Kwa masikio haya."

"Utaapa?"

Koplo aliinua mkono, akaapa, akatia sahihi. Papo hapo harufu ikapita chumbani, harufu ya udongo mbichi uliochimbuliwa sasa hivi. Karani alikunja pua, akanyanyuka kwenda kufunga dirisha. Alikuta limefungwa.

Kuanzia hapo sauti ilimfuata. Zahanati, alikokwenda kupima presha, nesi aliita jina lake, mtu akaitika kule mlangoni, na Koplo alipojikongoja mpaka mbele akaambiwa zamu yake imepita. "Babu, si umetoka humu sasa hivi? Dawa zako umechukua." Alibisha, akatoa macho, watu wakacheka na kusema uzee umeanza kupiga hodi. Alirudi nyumbani bila dawa, na hasira zikamkinga na hofu kwa muda.

Hofu ilimkuta nyumbani, mchana kweupe. Mkewe alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Akaita, "Baba watoto!"

"Nipo!" sauti ikajibu kutoka chumbani.

"Nipo," akajibu Koplo kutoka uani, alikokuwa anaanua nguo.

Mke alitoka na mwiko mkononi. Akamtazama mumewe kule kwenye kamba, akautazama mlango wa chumbani, akamtazama tena mumewe.

"Baba watoto," alisema kwa sauti ya chini, "kama ni michezo yako, nakuomba uache. Moyo wangu huu si wa kutiwa majaribuni."

"Si mimi, mke wangu."

"Basi chumbani kwangu kuna nani?"

Waliingia pamoja, mke ameshika shati la mumewe kwa nyuma. Hapakuwa na mtu. Lakini kitanda, ambacho mke alikitandika asubuhi kwa mtindo wake, kilikuwa kimetandikwa upya, blanketi limekazwa na pembe zimekunjwa kijeshi, na kwenye mto palikuwa na alama ya kichwa iliyolowa, na ndani yake chembe za udongo.

 Mke alizima jiko, akajifunga kitambaa, akamfuata mganga.

Mganga alikuwa mama mnene, mpenda utani, aliyetibu wenye majini kama fundi anavyotengeneza redio: anakaa kwanza, anasikiliza. Alisikiliza chumba kwa muda mrefu. Utani ukamwisha. Akamwambia mke awapishe kidogo yeye na mgonjwa, kisha akasogeza kigoda karibu na Koplo.

"Nimetoa wengi," alinong'ona. "Wengi wao hutaka manukato, hutaka kubembelezwa, wakishiba wanaondoka. Huyu wako hataki chochote nilicho nacho. Huyu aliwahi kuwa mtu. Analiitikia jina lako. Sasa niambie, baba, wewe uliwahi kuliitikia jina la nani?"

Koplo aliangalia vidole vyake vya miguu. Yeye hakusema, na hakusema mpaka mwisho, kwa hiyo nitasema mimi.

Siku ile seksheni ilikuwa inarudi mbio, risasi zinapita juu, Koplo na Kijiti wakiwa wa mwisho kabisa. Kwenye shamba moja lililotelekezwa Kijiti alikanyaga mbao zilizooza, akatumbukia katika kisima kikavu, akavunjika mguu. Walio mbele hawakuona. Koplo aliinama pale mdomoni mwa kisima, akamwambia, "Subiri hapo. Nakwenda kuleta machela." Kijiti akasema, "Sawa, afande," kwa ile sauti yake nyembamba iliyokuwa ikiwachekesha kambi nzima, na ambayo Koplo aliiga kuliko zote. Kambini giza lilikuwa linaingia na kamanda anaita majina. Alikuwa ametangaza kwamba seksheni itakayopungua mtu, koplo wake atarudi kumtafuta saa hiyo hiyo. Koplo alitazama ng'ambo ya mto, akasikia bunduki zinavyolia huko. Jina la Kijiti lilipoitwa, aliinamisha kichwa nyuma ya wenzake, akaitika kwa sauti nyembamba, "Nipo, afande!" Kamanda akaendelea na jina linalofuata. Mvua ikanyesha mpaka kulipokucha. Alfajiri kambi ikahamishwa, na kwa kuwa Kijiti jioni alikuwepo na asubuhi hayupo, akaandikwa mtoro. Mama yake alikufa akiwakwepa majirani kwa aibu.

"Basi usiseme," mganga alisema. "Uso wako umeshasema. Jina la huyo mtu limechafuliwa mahali?"

"Faili," Koplo alijibu. "Jeshini ameandikwa mtoro."

"Nenda kalisafishe. Pale pale ulipoapa uongo, ukaseme kweli. Mimi dawa yako sina."

"Na nisipokwenda?"

"Atakufanyia ulichomfanyia, kama kilivyokuwa. Hawa hawajui kubuni, baba. Wanajua kukumbuka tu."

"Labda atachoka. Labda atanyamaza."

"Akinyamaza," mganga alisema akijizoazoa kuondoka, "hapo ndipo uogope."

Niseme haki yake: kesho yake Koplo alitoka nyumbani amekusudia kusema kweli. Njiani alikuwa anayapanga maneno, midomo inacheza. Alifika masjala, akasimama mbele ya karani, akavuta pumzi.

"Mzee, hongera!" karani alisema, akasukuma kiboksi juu ya meza. "Ombi lako limepita. Wakubwa wameridhika kwamba seksheni ilirudi kamili."

Koplo alikifungua. Shaba iling'aa. Utepe ulikuwa kijani kibichi, mpya, haujawahi kuguswa na kifua cha mtu. Aliwaona wenzake kwenye sherehe wakimpisha kiti cha mbele.

"Kuna lingine, mzee wangu?"

Kijiti alikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Koplo alimmeza.

"Hakuna lingine," alisema.

Nyumbani alimdanganya mkewe, na uongo huo ndio uliommaliza. Alisema amefanya alivyoagiza mganga, amekiri yote, jina la kijana aliyeandikwa mtoro kwa makosa limesafishwa, na jeshi limempa nishani kwa ajili ya ukweli wake. Mke alilia kwa furaha. Alimbandikia nishani kifuani kwa mikono yake mwenyewe, akasema sasa ana mume wa kumtazama usoni.

Na kweli, sauti ikakoma. Mke akiita jikoni, anaitika mmoja. Kitanda kikabaki kama kilivyotandikwa. Mke alianza kulala usingizi wa kukoroma, na Koplo alianza tena vichekesho vyake, ingawa alipojaribu kuiga sauti za watu, koo lilikuwa zito na kila mtu aliyemwiga alifanana na mwenzake. Alisema ni mafua.

Nishani hakuivua. Aliivaa sokoni, aliivaa kwa kinyozi, aliivaa hata chooni. Siku mawingu yalipoanza kujikusanya, alikuwa nayo kifuani alipokwenda kusafisha tangi.

Lilikuwa tangi la kukingia maji ya mvua, lililochimbwa uani na kujengewa kwa saruji, lenye mdomo wa kupita mtu mmoja na bomba linaloleta maji kutoka kwenye mabati. Kila mwaka kabla ya mvua alishuka kulisugua. Alikuwa ameazima ngazi kwa jirani yake seremala. Aliiteremsha, akainama kuangalia kama imekaa sawa, na pini ya nishani, ambayo mkewe alikuwa ameikaza asubuhi ile ile, ikafunguka. Nishani ikaanguka chini na kulia mara moja kwenye sakafu.

Koplo alitukana, akashuka. Aliipapasa gizani, akaipata. Alipoinuka, miguu ya ngazi ilikuwa usawa wa uso wake, nayo ilikuwa inapanda, taratibu, kidaraja kwa kidaraja, mpaka ikatoka yote nje, akaisikia ikiburuzwa na kulazwa kwa upole kule langoni.

"Nani huyo?" Koplo alisema.

Alishtuka kuliko alivyoshtushwa na ngazi. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya kijana, sauti aliyoiga mara nyingi kambini na mara moja ya mwisho kwenye mstari wa nyuma. Alikohoa, akajaribu tena, akamwita mkewe, na ikatoka ile ile.

Huko juu lango la uani likalia.

"Hodi! Shemeji, nimefuata ngazi yangu," ilikuwa sauti ya seremala. "Mvua hii isije ikainyeshea. Mzee yupo?"

"Yupo," mke alijibu kutoka jikoni. "Baba watoto!"

"Nipo!" ikajibu sauti ya Koplo, nzito, ya uchangamfu, kutoka chumbani. "Chukua tu, fundi, nimeshamaliza! Ahsante sana!"

Koplo chini alipiga kelele, akaruka, akaukwangua ukuta kwa kucha, akaita fundi, fundi, niko huku, kwa ile sauti nyembamba ambayo haikufanana naye hata chembe.

"Kama kuna mtoto analia?" seremala aliuliza.

"Wa jirani huyo!" sauti ya chumbani ikasema. "Ndiyo kazi yake tangu asubuhi!"

Mke akacheka, kicheko chepesi cha mtu aliyepumzika na mashaka, seremala naye akacheka, ngazi ikagonga lango ikitoka, na mvua ikaanza, kwanza tone moja moja juu ya mabati, halafu yote kwa pamoja, na bomba likakohoa na kumwaga maji mgongoni mwa Koplo, yakafika kwenye vifundo, yakafika magotini, yakiwa na harufu ya udongo mbichi ingawa tangi lote lilikuwa saruji, naye akaita na kuita huku mabati yakinguruma juu ya kila neno lake, mpaka aliposikia hatua za buti zikija polepole uani, na umbo la mtu mwembamba likaziba mwanga kidogo uliobaki, likainama pale mdomoni.

Koplo aliinua mkono wenye nishani. "Nitasema," alilia kwa sauti ya Kijiti. "Nitasema yote. Nitoe, nakuomba, nitakwenda kesho."

Yule wa juu alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamjibu kwa sauti ya Koplo, ile ya ujanani, kabla sigara hazijaikwaruza.

"Subiri hapo. Nakwenda kuleta machela."

Mfuniko wa tangi ukaburuzwa, ukakaa mahali pake.

Jikoni mke alikuwa ameshapakua. Aliweka sahani mbili mezani, akafuta mikono, akaita kwa furaha ya mvua ya kwanza.

"Baba watoto, chakula!"

"Nipo!"

Buti zikaja koridoni, zikichuruzika maji. Mke hakugeuka. Alikuwa anamimina maji ya kunywa, na ile harufu ya udongo aliichukulia kuwa ya mvua.

"Vua kwanza hivyo viatu, mume wangu," alisema. "Nimeshapiga deki."