Kuku Aliyeatamia Kwenye Kofia Ngumu

Masele ni dereva wa bodaboda pale Kisesa. Ana kofia ngumu mbili. Moja huvaa mwenyewe. Ya pili ni ya abiria, lakini abiria waliikataa. Wengine walisema inaharibu nywele, wengine inanuka jasho. Masele akachoka kubembeleza watu, akaitupa jikoni. Kuku wa Dorcas, mkewe Masele, akaiona na kutaga humo mayai tisa. Tangu hapo hata Dorcas alipanda pikipiki kichwa wazi.

Asubuhi moja alikuja jirani yao Jovitha, nesi wa wodi ya majeruhi. Alikuwa anachelewa kazini, akataka apelekwe mjini. Masele alimwamkia, naye akauliza kofia ya abiria iko wapi.

"Ipo, dada," Masele akajibu, "ila kuku anaatamia humo."

Jovitha alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akagoma kupanda. Alisema sheria inataka dereva na abiria wavae wote wawili. Wodini kwake amewauguza wengi walioanguka karibu kabisa na nyumbani, wakiwa mwendo wa polepole. Halafu akamtazama Dorcas, aliyekuwa anafagia uwanja.

"Masele, kuku anajua kulinda mayai yake. Wewe huyu mkeo unamlinda kwa kitu gani?"

Masele alimsindikiza Jovitha akapande daladala. Aliona aibu, maana anampenda mkewe kweli.

Jioni kuku alihamishiwa kwenye kikapu pamoja na mayai yake, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Kesho yake kofia ikaoshwa na kuanikwa. Jovitha akamwonyesha Dorcas kufunga kwanza kitambaa chepesi, nywele zisiharibike, kisha kukaza mkanda chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa mkanda huchomoka mtu anapoanguka.

Miezi miwili baadaye, wakipeleka nyanya sokoni, mbuzi alikatiza barabara. Pikipiki ikateleza. Dorcas akaangukia kichwa. Masele alimkimbilia.

"Mimi mzima," Dorcas akasema, akijikung'uta vumbi. "Angalia nyanya zangu."

Walipita zahanati, akapimwa, akaonekana salama. Kofia ndiyo ilikuwa na ufa. Waliporudi nyumbani, Jovitha akawaambia kofia ikishagongwa hivyo haifai tena kuvaliwa. Masele akanunua mpya siku hiyohiyo, pamoja na vitambaa safi vya abiria. Asiyetaka kuvaa hapandi.

Ile yenye ufa Dorcas aliirudisha jikoni. Kuku akaingia bila kubembelezwa.