Walimlilia Babu Yangu kwa Jina la Mtu Mwingine

Nina miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto watatu, mkulima wa kahawa na mahindi huku milimani Mbozi. Ndugu wasomaji, mimi si mtu wa kuogopa makaburi. Nimekua nayo, yako shambani kwetu, tunapalilia kando yake na mihogo ya kuchoma tunakula hapo hapo. Lakini siku hizi kuna sehemu za shamba letu ambazo siwezi kuingia peke yangu, hata jua likiwa la utosi...

Nianze na babu. Katika vita vile vya kwanza vya Wazungu, Waingereza na Wajerumani walipigana hadi huku mpakani kwetu. Babu alikuwa kijana, akachukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza. Ofisa wao, kapteni mmoja mdogo tu kwa umri, alishikwa na homa. Wakambeba kwa machela, akawafia huku huku milimani. Babu akarudi nyumbani na koti la marehemu. Alilivaa kanisani, alilivaa shambani, alilivaa mpaka likawa matambara. Nanyi mnawajua watu wetu kwa kubandika majina! Tangu hapo babu aliitwa Kapteni, mpaka anakufa. Kaburi lake halikuwa na maandishi, ni rundo la mawe na msalaba wa mti uliooza, na kijiji kizima kililiita kaburi la Kapteni.

Mume wangu alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani Tunduma. Mtu wa suti, mtu wa maneno. Kiingereza kilimtoka kama maji, na Kibemba cha ng'ambo usiseme. Nilimpenda, sitawadanganya. Huko Tunduma ndiko alikokutana na wageni wawili waliovuka kutoka Zambia, ndugu wa tumbo moja, wazee wa Kiingereza. Ukoo wao ni wa mabwana wakubwa tangu enzi za wafalme wao, na kila kizazi hutoa mmoja wa bunge na mmoja wa jeshi. Mkubwa alikaa bungeni miaka mingi, sisi tukamwita Mheshimiwa. Mdogo alikuwa kanali mstaafu. Walikuwa wakimtafuta kaka wa babu yao, kapteni aliyefia vitani upande huu na hakuonekana tena.

Mume wangu akawaambia: Kapteni? Mbona nimeoa kwao!

Walipofika nyumbani, baba yangu alikuwa kibarazani. Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, miguu haimbebi tena. Mume wangu akawapeleka kaburini, na baba akabebwa na kiti chake akaketishwa hapo. Mheshimiwa alivua kofia. Kanali, mzee mzima yule, alisimama wima akapiga saluti, machozi yakamtiririka. Baba akauliza wanamlilia nani. Mume wangu akamjibu kwa sauti ya upole:

"Mzee, wamekuja kumshukuru baba yako kwa kumbeba ndugu yao."

Baba akalia pia. Akawashika mikono wote wawili, hataki kuiachia. Nami nikalia kwa furaha! Babu yangu mpagazi, anapigiwa saluti na kanali? Nilijua Kiswahili alichoambiwa baba. Kiingereza walichoambiwa wageni sikukisikia.

Baada ya muda likaja jiwe la marumaru, limechongwa ngao ya ukoo ule, na uzio wa chuma wenye geti na kufuli. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini kusoma najua. Nikasoma jina la Kizungu pale juu ya kichwa cha babu. Kumbe wageni waliambiwa aliyelala pale ni kapteni wao! Nilipomkabili mume wangu alicheka.

"Jiwe ni jiwe, mke wangu. Mzee kafurahi, wageni wamefurahi. Sasa wewe unalilia nini?"

Wageni walimfanya mtunzaji wa kaburi, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Alikuwa ameshaanza kuota safari ya Ulaya. Nami ningemwambiaje baba? Kila jioni alikuwa akiomba tumgeuzie kiti aliangalie lile jiwe jeupe, anatabasamu. Ombi lake lilikuwa moja tu tangu nikiwa binti, kwamba siku yake ikifika alazwe miguuni pa baba yake.

Mvua zilipoanza, kifua kikambana. Mchana mmoja nilikuwa namnywesha uji, akasukuma kikombe.

"Mwanangu, wale Wazungu ni watu wema. Ila mbona hawakuniuliza ndugu yao alilazwa wapi? Baba alinionyesha. Ni humu humu shambani."

Nikamuuliza ni wapi. Akasema nisiwe na haraka, kwa maneno hapaelekezeki, akipata nafuu atanionyesha kwa mkono wake... Kesho yake ulimi ukawa mzito. Alikuwa ananitazama, midomo inacheza, sauti haitoki. Kisha akaondoka.

Jamani! Jibu walilolitafuta wale wazee lilikuwa limekaa kwenye kiti mbele yao, limewashika mikono. Swali moja tu la kweli lingetosha!

Siku ya mazishi mume wangu hakuonekana. Simu imezimwa. Walisema alionekana Nakonde, upande wa Zambia. Alijua tukichimba ndani ya uzio, wageni wakirudi watauliza huyu wa pili ni nani. Waombolezaji walingoja na jeneza, mchungaji anatazama mawingu. Nikaomba kufuli livunjwe. Mwenyekiti wa kijiji akakataa katakata, eti mali ya wakubwa wa Uingereza isije ikamletea kesi. Mvua ikaanza kushuka. Baba yangu akazikwa nje ya chuma, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Wageni walirudi kiangazi. Mume wangu alikuwa hajarudi, na mpaka leo hajarudi. Nikawapeleka mwenyewe. Kwa Kiingereza changu cha kuuzia maharage Nakonde nikawaambia huyu ni babu yangu, aliyembeba ndugu yenu. Wa kwenu hayupo hapa. Mheshimiwa akalisogelea jiwe, akalisoma upya lile jina. Kanali akauliza taratibu, sasa yuko wapi? Nikanyoosha mkono kwenye udongo mpya.

"Aliyekuwa anajua ni huyu."

Hawakunitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana! Kanali aliinama akagusa udongo wa baba, kisha akaagiza uzio ung'olewe siku ile ile. Jiwe waliniachia, wakisema nikimpata ndugu yao nimwekee. Limelala chini ya kihenge cha mahindi, jina lake juu.

Ndugu zangu, mnaotafsiri maneno ya watu, yafikisheni kama yalivyo. Uongo wa kumpendeza kila mtu hauna mwisho mwema. Na wenye wazee nyumbani, msingoje wapate nafuu. Wabebeni na viti vyao, leo, wawaonyeshe kwa mikono yao wenyewe!

Mimi nimechelewa. Msimu wa kuchuma umefika, kahawa imeiva. Nikiingia shambani navua viatu, kisha naomba radhi kwa Kinyiha chetu na kwa Kiingereza, maana sijui ninapokanyaga nani amelala.