Swali Lililomwagwa Jukwaani

Mjane mmoja, fundi cherehani, alipoteza nyumba yake mahakamani, na aliyempotezea si adui. Ni wakili wake mwenyewe, mtoto wa kaka yake, yule ambaye siku hizi mnamwona kwenye taarifa ya habari akikata utepe. Sikilizeni jambo hili lilivyokwenda, kwa sababu wengi wenu bado mnampigia makofi bila kujiuliza mnampigia kwa lipi.

Kabla ya siasa nyumba ile ilikuwa na utulivu. Vyumba vitatu, jiko la nje, na sebule iliyojaa vipande vya vitambaa kiasi kwamba mgeni alitafuta pa kukalia kama anatafuta sindano. Mjane alishona karibu na dirisha. Bintiye, muuguzi wa zahanati, alirudi jioni na kupika. Wakili alipitia kila Jumamosi kunywa chai. Watu walimwita Koti, kwa sababu tangu amalize masomo alikuwa na koti moja tu jeusi, na ndani ya koti hilo alikuwa amewashindia wapagazi wa sokoni kesi mbili ambazo mawakili wakubwa walizikimbia.

Kero ilikuwa moja. Shemeji yake mjane, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa amefungua kesi akidai nyumba ni yake. Marehemu alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari, na kaka yake ndiye aliyefuatilia kiwanja kwa niaba yake. Hati ikatoka kwa jina la kaka mtu. Marehemu alijenga, akaishi, akafa, wala hakuikumbuka ile hati.

"Shangazi, mwenzetu ana hati," Koti alisema Jumamosi moja, akichovya mkate kwenye chai. "Sisi hatuna, na mwashi aliyejenga ameshafariki. Lakini shemeji yako ameapa kwamba alisimamia ujenzi mwenyewe, kuanzia msingi mpaka bati. Hapo ndipo pa kumshikia. Nipe kitu kimoja ambacho aliyekuwapo lazima akijue, na ambaye hakuwapo hawezi kukibuni."

Mjane alitoa mguu kwenye pedali. "Choo," alisema.

"Choo kimefanya nini?"

"Kilijengwa mara mbili. Cha kwanza kilititia wiki ya mvua. Ukuta uliingia shimoni pamoja na ndoo ya mwashi. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini."

Koti naye alicheka, kisha akawa makini. "Basi choo ndicho kitakachotuokoa. Nitamwacha aseme uongo wake wote, halafu nimuulize swali hilo moja. Usimwambie mtu, shangazi. Hata huyu," akamnyooshea binti kidole.

"Mimi natunza siri za wagonjwa wa zahanati nzima," binti alijibu. "Nitashindwa na choo?"

Mngemwacha Koti pale mahakamani, hadithi ingeishia hapo. Lakini watu wa chama walimfuata ofisini, wakamwambia anayetetea wapagazi anaweza kutetea taifa. Mtaa mzima ukashangilia. Koti aliomba kesi ya shangazi yake iahirishwe mpaka uchaguzi upite, na mjane mwenyewe akashona bendera za kampeni usiku na mchana, akijisemea kwamba mtoto akipanda, na yeye amepanda.

Siku ya mkutano mkubwa walimweka mbele kabisa, karibu na spika. Mpinzani alikuwa amesema jana yake kwamba Koti ni wakili wa makaratasi, hajui shida za watu. Koti alishika kipaza sauti, akamwita shangazi yake jukwaani, akamshika bega.

"Huyu ni mjane," alisema. "Kuna mtu anataka kumtupa nje. Mnadhani nitamwacha?"

"Hapana," watu walijibu.

"Utamshindaje?" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Hapo, ndugu zangu, ndipo wakili alipotoka na mwanasiasa akaingia. Wakili angenyamaza. Huyu aliona maelfu ya macho yakimsubiri, na ulimi ukamponyoka. "Nitamuuliza choo kilijengwa mara ngapi," alisema, kisha akaeleza yote: mvua, ukuta, mpaka ndoo iliyozama. Watu walicheka, wengine wakashikana mbavu. Mjane alisimama pale na tabasamu lililoganda.

Njiani bintiye alimuuliza, "Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Siri tuliyokatazwa kunong'ona, kaimwaga kwa spika nne."

Koti alipoulizwa, alikuwa akivua viatu vyenye matope ya mikutano mitatu. "Shangazi, shemeji yako yuko mji mwingine. Nani atampelekea habari za choo? Halafu nikishaingia bungeni, kesi hii ni mchezo wa watoto."

"Basi tumchukue yule mama wakili wa karibu na posta," binti alisema. "Wewe huna nafasi, kaka. Hata kula huna nafasi."

"Mkimpa mtu baki faili sasa, wapinzani watasema shangazi yangu mwenyewe haniamini. Nivumilieni kidogo."

Mjane akavumilia. Angewezaje kumwaibisha mtoto wa kaka yake wakati wa kura? Lakini tangu siku ile mishono yake ilianza kwenda upande. Alikuwa akishona, anafumua, anashona tena. Pikipiki ikisimama nje, aliacha kazi akachungulia dirishani.

Koti alishinda kwa kura nyingi. Baada ya miezi michache shemeji alikuja kusalimia, mpole kama mtu aliyefiwa. Alikunywa chai, akasifu mishono, akaomba kwenda chooni. Alikaa huko muda mrefu kuliko haja yoyote. Mjane alisimama dirishani akiutazama ule mlango wa bati, asijue kama shemeji ana tumbo au ana jambo. Usiku alimpigia Koti simu. Haikupokewa. Asubuhi ulikuja ujumbe: yuko kwenye kikao, asiwe na wasiwasi, asimpe mtu mwingine kazi.

Kisha Koti akateuliwa naibu waziri, na kwa cheo hicho kanuni hazikumruhusu tena kusimama mahakamani. Hilo hakulisema. Alisema tu, "Omba iahirishwe." Mara ya kwanza hakimu aliahirisha. Mara ya pili alikataa.

Shemeji alitoa ushahidi wake kwa utulivu. Hakimu akamgeukia mjane.

"Una maswali kwa shahidi?"

"Maswali anayo wakili wangu, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Yuko serikalini."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Hakimu hakucheka. "Mama, hapa ni mahakamani. Uliza mwenyewe, au kaa."

Alikuwa na swali moja tu duniani. Alijua huenda limeshaoza, lakini mkononi hakuwa na lingine. Alishika ukingo wa meza, akauliza choo cha ile nyumba kilijengwa mara ngapi.

"Mara mbili, mheshimiwa," shemeji alijibu bila kukohoa. "Cha kwanza kilititia wakati wa mvua. Hata ndoo ya fundi ilizama." Akamtazama mjane kwa upole. "Shemeji, umesahau tulivyocheka siku ile?"

Kalamu ya hakimu ilikwenda. Hukumu ilipotoka, ilisema kwamba swali la mjane mwenyewe ndilo lililothibitisha kuwa shahidi alikuwapo wakati wa ujenzi. Yule mama wakili wa karibu na posta aliisoma yote, akaivua miwani. "Rufaa inasoma kilichoandikwa mahakamani, si kilichosemwa jukwaani," alisema. "Na kilichoandikwa ni kwamba alijua."

Koti alikuja siku ya kuhama, gari likinguruma nje na dereva ndani. Alikuwa na koti jipya. "Shangazi, ningejuaje kwamba habari zitamfikia?"

Mjane alikuwa akifunga mashine yake kwa shuka. "Hukutakiwa kujua," alisema. "Ulitakiwa kunyamaza."

Funzo

Mtu akikupa siri yake ili umtetee, hukupewa ya kujipigia debe. Anayeacha kazi moja akashike kubwa zaidi, na aikabidhi ile ya kwanza kwa mwenye nafasi, aseme wazi kwamba yeye hawezi tena. Wewe mwenye kesi, undugu usikufunge mdomo: ukiona wakili wako hana muda, tafuta mwingine siku hiyo hiyo, hata akinuna. Na sisi wapiga kura tusijitoe. Tulitaka kuchekeshwa, tukachekeshwa kwa mali ya mjane.

Gharama yake ni hii. Nyumba ya vyumba vitatu na jiko la nje. Mashine moja ya kushona kati ya mbili alizokuwa nazo, iliyouzwa kulipa gharama za mahakama. Wateja wa mtaa, ambao hawakumfuata chumba cha kupanga alikohamia. Binti aliahirisha ndoa yake ili amlipie mama yake kodi. Na kaka na dada, baba yake Koti na mjane, waliolelewa pamoja, hawasalimiani tena.