Kilo Zilizorudi

Kila siku ya shule, Odelia Fontenot huamka saa kumi na moja alfajiri na kwenda kuwasha basi la manjano. Ameliendesha kwa miaka kumi na moja. Njia yake hupita kati ya mashamba ya miwa, kisha hufuata mfereji mrefu hadi shule ya msingi. Watoto thelathini na wanane humwita Bibi Odelia.

Asubuhi moja ya Jumanne alisimama bafuni mbele ya mzani. Hakuwa ameupanda kwa miezi mingi. Aliupanda polepole, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi.

Miaka minne kabla ya siku hiyo, Odelia alifanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Madaktari waliondoa sehemu kubwa ya mfuko wake wa chakula, wakaacha mfuko mwembamba wenye umbo la ndizi. Alipungua kilo hamsini. Sukari yake ilishuka, na daktari akamwachisha vidonge vya kisukari.

Sasa mzani ulionyesha kwamba kilo kumi na tisa zilikuwa zimerudi.

"Odelia!" Mumewe, Alcide, aligonga mlango. "Umelala humo ndani?"

"Natoka, mume wangu."

Alisukuma mzani nyuma ya kikapu cha nguo chafu.

Alcide alikuwa fundi wa injini za mashua. Kila alipokwenda kwa kinyozi alimsifu mkewe. "Mke wangu kapungua mtu mzima mmoja!" alikuwa akisema, na wanaume wakacheka. Zamani Odelia pia alicheka. Siku hizi maneno hayo yalimchoma.

Kliniki ilimwita kila mwaka. Mwaka wa kwanza alikwenda. Wa pili alikwenda. Wa tatu kilo tano zilikuwa zimerudi, akaona haya. "Nitapunguza kwanza, ndipo niende," alijiambia. Hakwenda tena. Barua za kliniki alizirundika kwenye droo bila kuzifungua.

Siku hiyo, akipekua droo, aliona karatasi ya maagizo ya wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji. Wakati ule aliruhusiwa vitu vya majimaji tu. Akakumbuka alichosoma kwenye simu, katika kundi la watu waliofanyiwa upasuaji kama wake. Mwanamke mmoja aliandika kwamba ukirudia chakula cha wiki hizo, mfuko hunywea na kuwa mdogo kama mwanzo. Watu wengi walimshukuru.

Odelia aliamini. Akaanza siku hiyo hiyo, bila kumwambia mtu. Hata maziwa ya protini yaliyoandikwa kwenye karatasi aliyaacha. Alikunywa supu ya kuku iliyochujwa, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Maji nayo alikunywa kidogo tu.

Ijumaa jioni Alcide alipika gumbo, mchuzi mzito wa kamba na soseji.

"Mbona huli?" aliuliza.

"Nimekula kazini."

"Kazini kuna chakula gani? Dizeli?"

"Nimeshiba, Alcide. Niache!"

Alcide aliweka kijiko chini. "Uso wako umekuwa kama majivu, mke wangu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Jumatatu mchana joto lilikuwa kali. Odelia aliwachukua watoto shuleni. Msichana aitwaye Josette alikaa kiti cha mbele, kama kawaida yake.

"Bibi Odelia, mbona midomo yako imekauka hivyo?"

"Kaa vizuri, mwanangu. Usiniongeleshe ninapoendesha."

Walifika kwenye barabara ya mfereji. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, upande wa kulia. Odelia alisikia masikio yakivuma. Vidoa vyeusi vikaanza kucheza mbele ya macho yake. Akapepesa macho. Vidoa viliongezeka.

Basi likaenda kulia kidogo. Changarawe zikalia chini ya magurudumu.

"Bibi Odelia!" Josette alipiga kelele.

Odelia alikanyaga breki. Basi likasimama. Akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili na kuwasha taa za tahadhari. Kutoka gurudumu la mbele hadi majini palibaki hatua tatu.

"Asisimame mtu!" alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Kila mtu akae alipo."

Redio ya basi ikakoroma; ofisi ya mabasi ilikuwa imeona kwenye ramani yake kwamba limesimama. "Basi la kumi na saba, mbona umesimama?"

Odelia alishika kipaza sauti. Angeweza kusema ni injini. Angepumzika dakika kumi, kisha aendelee. Hakuna ambaye angejua. Akatazama kioo cha juu na kuona nyuso za watoto, zote zikimtazama yeye.

"Mimi ni mgonjwa," alisema. "Siwezi kuendesha. Leteni dereva mwingine, na gari la wagonjwa."

Hospitalini walimpima. Presha ilikuwa chini na mwili ulikuwa umekauka maji. Walimtundikia dripu, na jioni akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kesho yake jirani yao, Verna Thibeaux, alikuja kumwona. Verna alikuwa muuguzi kwenye kliniki ile ile ya upasuaji. Odelia alikuwa amemkwepa kwa mwaka mzima.

"Haya, shoga," Verna alisema akivuta kiti. "Mwaka mzima ukiniona unavuka barabara. Nilidhani nanuka."

Odelia alitaka kucheka, akalia. Akasema yote mbele ya Alcide: kilo kumi na tisa, barua kwenye droo, supu.

Odelia alisubiri mzaha wa mumewe. Haukuja.

"Na mimi nakusifu kwa kinyozi," Alcide alisema. "Kumbe nakutia kitanzi. Nisamehe."

"Mfuko wangu nimeuharibu mwenyewe, Verna," Odelia alisema.

"Nani kasema? Kurudi kwa kilo kunawapata wengi. Upasuaji hauponyi unene moja kwa moja. Njaa hurudi, mfuko hutanuka kidogo, na mwili hujitahidi kurudisha uzito wake. Hilo si kosa la tabia. Ni ugonjwa unaohitaji kufuatiliwa maisha yote, kama presha."

"Na supu?"

"Supu haipunguzi mfuko. Kundi la simu ni la kutiana moyo, si daktari. Hebu niambie, kwenye basi unakula nini?"

Odelia aliangalia mikono yake. "Biskuti za chumvi. Na chai ya baridi, ya sukari. Nyama inanikwama, lakini biskuti zinateleza."

"Ndiyo hapo! Kinachoteleza hakikushibishi. Unakula kidogo kidogo siku nzima, na chai inasukuma chini. Anza na protini: yai, samaki, maharage. Tafuna sana. Kisha mboga. Wali uje mwisho. Usinywe wakati wa kula, subiri nusu saa. Lakini katikati ya milo, maji kwa wingi. Na nyama ikiendelea kukukwama, daktari lazima ajue. Vitamini zako unameza?"

"Niliacha."

"Vitamini haziachwi, dada. Alhamisi twende wote kliniki."

Alhamisi Odelia alipanda mzani wa kliniki akiwa amefumba macho. Hakuna aliyecheka. Daktari alipima damu na kuutazama mfuko kwa mashine. Mfuko ulikuwa umetanuka kidogo tu. Madini ya chuma yalikuwa chini. Sukari ilikuwa imeanza kupanda, ila kisukari kilikuwa hakijarudi.

"Umekuja mapema," daktari alisema. Alimwandikia vitamini na dawa ya kupunguza njaa, akamzuia kuendesha basi hadi damu ikae sawa.

Wiki saba Odelia hakuendesha. Alitembea na Verna kila asubuhi. Alcide alijifunza kupika samaki laini bila mafuta mengi, akilalamika kwamba hata paka wangemkataa. Daktari aliporidhika, Odelia alirudi kwenye basi lake.

Baada ya miezi tisa kilo kumi zilikuwa zimeondoka. Miezi miwili ya katikati hakupungua hata kidogo, na bado alikwenda kliniki. Sukari yake ilishuka tena.

Siku hiyo ya kipimo, Alcide alimsubiri nje ya kliniki kwenye gari.

"Kumi!" Alcide alisema alipoambiwa. Kisha akawasha injini. "Na zikirudi tena, mke wangu?"

Odelia alifunga mkanda wa kiti.

"Zikirudi," alisema, "nitakuja nazo hapa hapa."